DISKI HAIJAROGWA! ACHENI KUISINGIZIA SUMBAWANGA KWA MAMBO YA SOKETI

Haya wadau, wiki nzima ubuyu mtandaoni ulikuwa mmoja tu: laptopu ya Sumbawanga. Asiyeiona klipu ile basi simu yake haina bando.

Kwa waliochelewa, iko hivi. Staa mmoja wa vichekesho wa jijini Dar, jina kapuni, kajifunga shuka jeusi, kashika laptopu chakavu, anaiwasha. Kioo kinaandika kwamba hakuna diski. Jamaa anairusha kwenye kochi, anapiga kelele: "Hii imetoka Sumbawanga! Rudisheni ungo wa watu!" Sekunde hazifiki 40. Watu wakacheka mpaka machozi, wakasambaza, wakaweka statasi. Komenti zikawa mafuriko. "Huko hata SSD inapaa usiku." "Fundi achinje kuku mweusi kwanza." "Diski ipo, ila wewe ndo huna macho ya kuiona." Povu la kila rangi.

Kichekesho kizuri. Ila kuna kitu kimoja ambacho wachekaji hawakuuliza: laptopu yenyewe ni ya nani?

Ni ya mtu. Si hadithi ya kutunga ya staa. Staa aliokota picha ya kioo iliyotoka kwenye kundi la Facebook, ambako binti mmoja wa Sumbawanga mjini, miaka 24, aliomba msaada kwa adabu kabisa: "Wakubwa shikamooni, wenzangu habari. Nimebadilisha diski, kompyuta haiioni. Nifanyeje?" Swali la mistari miwili. Majibu ya maana hakupata hata matano. Alichopata ni kufanywa mchawi wa Taifa.

Binti huyo anapiga picha na kuhariri video za harusi. Anayelijua eneo la Ufipa anajua kazi hiyo ina msimu wake. Mahindi yakishavunwa na kuuzwa, ndipo sherehe zinapopangana: sendofu huku, kicheni pati kule, Jumamosi Laela, Jumamosi inayofuata Matai, nyingine Namanyere. Pesa ya miezi mitatu ndiyo inayomlisha mwaka mzima. Diski yake ya zamani ilikuwa imejaa mpaka pomoni na kila akihariri mashine inakwama, hivyo akajibana, akaagiza SSD ya TB 1 kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni. Mzigo ukapanda basi, ukala zaidi ya kilomita 1,000, ukafika salama. Akaupeleka kwa fundi.

Fundi mwenyewe ni maarufu pale mjini, jina kapuni pia. Anavaa miwani ya jua ndani ya kibanda na ana wafuasi TikTok. Akafungua skrubu, akatoa diski ya zamani, akapachika mpya, akawasha. Kioo kikaandika hakuna diski ya kuwashia mashine. Akachomoa, akapachika tena, akawasha. Vilevile. Akavua miwani, akatoa hukumu: "Dada, madabodi imekufa. Hiyo diski yako feki ndiyo imeiua. Niachie, nikutafutie nyingine."

Akaiacha. Na diski ya zamani, yenye harusi za watu ambazo hazijakabidhiwa, nayo ikabaki kwenye droo ya fundi. Siku tisa.

Ndani ya siku hizo tisa klipu ikalipuka. Familia mbili zilizokuwa zimeshalipa advansi zikataka pesa yao. Mama mzazi wa bibi harusi mmoja alimpigia simu, tena kwa upole: "Mwanangu, si kwamba tunakuchukia. Ila sherehe ya binti yetu haiwezi kupita kwenye mashine yenye maneno."

Mashine yenye maneno! Hapo ndipo utani ulipofika. Staa kapata wafuasi, fundi kapata mteja wa madabodi, binti kapoteza kazi mbili za msimu. Na mpaka muda huo, katika watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameipima mashine.

Sasa wadau, wekeni soda chini, maana hapa ndipo wengi wanapigwa kila siku, kuanzia Sumbawanga mpaka Kariakoo.

Jambo la kwanza. Yale maneno kwamba hakuna diski ya kuwashia hayana maana kwamba diski haionekani. Diski mpya ni tupu. Haina Windows wala chochote. Ni kama nyumba iliyoisha kupauliwa leo: ukipiga hodi hakuna atakayeitikia, lakini nyumba ipo. Mashine inatafuta mfumo wa kuiwasha, haiukuti, inalalamika. Fundi anayetoa hukumu ya kifo kwa kusoma mstari huo mmoja ni sawa na daktari anayesema mgonjwa amefariki kwa sababu hakuitikia salamu.

Pa kuangalia ni kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijaanza. Kwa HP unabonyeza F10 mashine ikiwaka, kwa Dell na Acer ni F2, kwa ThinkPad ni F1. Humo ndani kuna orodha ya diski. Ikiwa jina la diski yako limo, mashine inaiona, na kilichobaki ni kuweka mfumo. Jina lisipokuwemo, hapo sasa ndipo useme haionekani, na ndipo kazi ya fundi inapoanza. Inaanza, haiishii hapo!

Fundi yule wa miwani hakufungua bayosi hata mara moja. Binti aliulizwa baadaye, akasema hakuona ukurasa wowote wa namna hiyo.

Aliyefungua ni mzee mmoja mwenye kibanda kisicho hata na bango, aliyeanza na redio za mbao kabla ya wengi wanaosoma hapa kuzaliwa. Binti alifika kwake akiwa ameshakata tamaa, na mashine yake kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inaumwa nini?"

"Wanasema madabodi imekufa."

"Wanasema. Na wewe umeiona maiti?"

Kwanza mzee akamrudisha kwa yule fundi akachukue diski yake ya zamani. Ilipoletwa akaipachika palepale ilipokuwa, akaingia kwenye bayosi. Jina likaonekana, Windows ikawaka, harusi za watu zote zimo. Maana yake soketi ni nzima na madabodi haijafa. Kisha akachukua ile diski mpya inayoitwa feki, akaiweka kwenye kompyuta nyingine ya kisasa zaidi. Ikaonekana mara moja, TB 1 kamili. Maana yake diski nayo ni nzima.

Vipimo viwili, dakika ishirini. Wote wawili wazima, ila hawaendani. Kama ndoa za mastaa tu.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Hizi SSD nyembamba kama kipande cha bazoka, zinazoitwa M.2, kwa macho zinafanana lakini ziko za lugha mbili. Kuna zinazozungumza SATA na kuna zinazozungumza NVMe. Soketi ya laptopu ya binti, ambayo ni ya miaka kadhaa nyuma, inajua SATA peke yake. Muuzaji alimtumia NVMe. Ikaingia vizuri kwenye soketi, skrubu ikakaza, lakini mazungumzo hakuna. Ni kama kumweka chumba kimoja Mfipa asiyejua lugha nyingine na Mmakonde asiyejua lugha nyingine, taa zimezimwa. Wote wana afya. Hawaelewani tu.

Hata kwa macho kuna dalili. Angalia upande wenye meno ya dhahabu: M.2 za SATA kwa kawaida zina nafasi mbili zilizokatwa, NVMe nyingi zina moja. Lakini dalili ya uhakika zaidi ni maandishi kwenye lebo ya diski yenyewe, na maelezo ya modeli ya laptopu yako. Chukua modeli iliyoandikwa chini ya mashine, tafuta inapokea diski ya aina gani, ndipo utoe pesa. Dakika tano za bando zingemwokoa yule binti siku tisa. Hilo ni kosa lake na hakatai. Alinunua kwa kuangalia ukubwa na bei tu, kama wengi.

Na hiyo ni sababu moja. Ziko nyingine, na hakuna hata moja inayohitaji kuku mweusi. Diski zile pana za inchi 2.5 mara nyingi huunganishwa na kebo bapa nyepesi kama utepe. Ikikunjika au isipoingia mpaka mwisho, diski haionekani. Laptopu nyingine zina kiunganishi kidogo kinachobaki kimeng'ang'ania kwenye diski ya zamani. Kisipohamishiwa kwenye mpya, hiyo mpya haigusi kitu. Wakati mwingine bayosi inaiona diski lakini ukitaka kuweka Windows haimo kwenye orodha. Kwa mashine nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, hapo inahitajika draiva ya Intel iwekwe kwenye flashi kwanza. Na kama umeiunga diski ya pili, Windows inawaka lakini diski haionekani pale zinapoonekana nyingine, fungua Disk Management. Mara nyingi utaikuta imekaa humo kimya, inasubiri kuanzishwa na kufomatiwa. Ikiwa ni zaidi ya TB 2, chagua GPT, maana MBR ya zamani haivuki hapo.

Ila neno moja la tahadhari: usifomati diski yenye kazi zako za zamani eti kwa sababu kompyuta imekuomba. Hiyo ya kufomati ni ya diski mpya tupu.

Vipi kuhusu feki? Zipo, tena nyingi, na waliopigwa wanajulikana. Lakini tabia ya feki ni kinyume cha kesi hii. Feki kwa kawaida inaonekana, tena inajionyesha kupita kiasi: unaambiwa ni TB 2, ukianza kuijaza, mafaili yanaharibika njiani. Kwa hiyo kusema "haionekani, basi ni feki" ni kubahatisha. Inawezekana kuwa mbovu, ndiyo, na njia ya kujua ni kuijaribu kwenye mashine nyingine inayopokea aina hiyo. Kipimo kwanza, kauli baadaye. Ufundi ndiyo huo.

Turudi kwa staa. Mashabiki wake wameshaandaa utetezi: "Ni utani tu, mbona mna makasiriko?" Wengine wanajifanya wanajua mila: "Utani ni jadi yetu Waafrika."

Sawa, utani ni jadi. Lakini jadi hiyo ina kanuni zake. Mtani anakutania usoni, anakujua jina, na ukifiwa ndiye anayefika msibani mapema, anashika jembe, anapika, anachekesha wafiwa ili wasizimie. Mtani ana haki ya kukucheka kwa sababu ana wajibu wa kukubeba. Huyu staa amembeba nani? Alipoambiwa kwenye komenti kwamba mwenye laptopu anapoteza wateja, alijibu kwa kikaragosi cha kucheka. Huo sio utani, ni kutafuta kiki kwa jasho la mtu.

Na jina lenyewe la mji! Tafsiri inayojulikana na wengi ni kwamba Sumbawanga, kwa Kifipa, ni kuambiwa tupa uchawi. Yaani mji wenye jina la kuufukuza uchawi ndio umegeuzwa nembo ya uchawi, na watu ambao hawajawahi kuvuka Tunduma. Hawaijui baridi ya Juni pale juu, hawajui Ziwa Rukwa liko upande gani na Tanganyika upande gani, maporomoko ya Kalambo wanadhani yako Zambia peke yake. Wanachojua ni ungo.

Wangetaka kuchekesha kwa maarifa, wangeanza na chuma. Ufipa ilikuwa nchi ya wafua chuma. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, yanayompita mtu kimo, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto, wakayeyusha udongo wa mawe kuwa chuma cha majembe, kazi iliyoendelea mpaka karne ya 20 ilipoingia. Ni kweli walikuwa na dawa na miiko yao kwenye tanuru. Lakini hakuna dawa iliyowahi kuyeyusha jiwe bila makaa, bila hewa na bila mtu anayejua lini moto umetosha. Babu za watu hao walijua kupima. Leo mjukuu wao akikwama na soketi, Taifa zima linamwambia akatafute mganga.

Anayeona mjadala huu ni wa kitoto akumbuke neno "mchawi" limefanya nini nchi hii. Bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa imani za namna hiyohiyo, na Rukwa ni miongoni mwa mikoa iliyoshuhudia unyama huo. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya uchawi tangu mwaka 1928, na mpaka leo sheria ipo vitabuni, kwa sababu kumtupia mtu neno hilo si mchezo. Klipu ya sekunde 40 haimuui mtu. Lakini inawafundisha watu laki kadhaa kwamba jambo usilolielewa lina mchawi nyuma yake, na mchawi ana anwani.

Tuje kwa fundi wa miwani, asidhani kasahaulika. Kosa lake la kwanza ni kubashiri. La pili ni kubaya zaidi: kukaa na diski ya mtu siku tisa kwenye droo isiyo na kufuli. Kwenye diski ile kuna sura za watu, watoto wao, nyumba zao, bibi harusi anavalishwa. Hakuna kilichovuja, na hilo lisemwe wazi ili asionewe. Lakini hakuna kilichokuwa kinazuia kisivuje. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Aprili 3, 2024. Taarifa za watu siyo mali ya yeyote aliyeshika bisibisi. Diski ya zamani ikitolewa, inarudi mkononi kwa mwenyewe palepale, mbele ya macho yake. Fundi akikataa, beba mashine yako uondoke.

Na kwa kuwa haki ni msumeno, binti naye alikuwa na harusi za watu sehemu moja tu. Hiyo si akiba, ni kamari. Diski ya zamani ingekufa, hata yule mzee asingemsaidia. Kazi ya mteja inakaa sehemu mbili kabla hujaigusa mashine. Umeme wetu mnaujua.

Mwisho wake ulikuwaje? Muuzaji hakukubali kurudisha pesa. Binti akanunua M.2 ya SATA ya GB 500 kwa pesa ya mkopo kutoka kwa shangazi yake, mzee akaipachika, bayosi ikaiona, kazi ikahamishwa, mashine ikawa nyepesi. Ile NVMe "iliyorogwa" wakaivalisha kasha dogo la USB, sasa ni diski ya nje ya kutunzia nakala. Fundi mzee alichukua elfu kumi na tano na kumuagiza alete soda akilipwa harusi ijayo.

Familia moja ilirudi. Nyingine haikurudi, imechukua mpiga picha kutoka Mbeya. Klipu ya staa bado iko hewani, inaendelea kumwingizia. Hajaifuta, hajaomba radhi, hajaandika hata mstari mmoja kwamba laptopu imepona.

Basi kama kweli Sumbawanga ni kutupa wanga, kuna wa kutupa. Fundi atupe tabia ya kuua madabodi kwa mdomo. Staa atupe ungo, kauchosha. Na wewe uliyecheka, ukasambaza na kwenda kulala, tupa huo uvivu wa kusema "karogwa" kila unaposhindwa kusema "sijui". Neno "sijui" halimpotezei mtu mteja.

Komenti ziko wazi. Mwenye laptopu isiyoona diski aandike modeli ya mashine na aina ya diski, mafundi wa kweli wamo humu watamjibu. Mwenye kuku mweusi amle na ugali.